Uzi wa Kufumia Ufungiwe Kama Risasi

Kufuma kwa sindano ni kazi ambayo askari hapaswi kuidharau, maana imewafaa askari wengi kabla yake. Wakati wa Vita vya Crimea, majeshi ya Uingereza yaliteswa na baridi karibu na mji wa Balaklava, na jina la mji huo likabaki katika kofia ya sufu ifunikayo kichwa na shingo. Jemadari Cardigan, aliyeongoza wapanda farasi katika mapigano ya mahali hapo mwaka 1854, ameacha jina lake katika sweta lenye vifungo mbele. Katika Vita Kuu ya 1914 hadi 1918, akina mama, watoto, na hata majeruhi waliolazwa hospitalini, walifuma soksi kwa ajili ya wapiganaji ambao miguu yao ilioza kwa maji ya mahandakini.

Katika nyumba za kambini leo, hasa penye baridi kama Kabale, mji ulio karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, sweta la mtoto wa shule laweza kufumwa jioni hata jioni. Haba na haba hujaza kibaba. Lakini katika nyumba hizo hizo hufugwa paka, kwa sababu bila yeye panya wangemaliza posho. Basi mfumaji na mwindaji hukaa chumba kimoja, na hapo ndipo vurugu huanza.

Paka arukiapo bonge la uzi hafanyi inda. Uzi unaotambaa sakafuni humwonekea kama mkia wa panya, na hamu yake ya kuwinda haingoji njaa. Kumchapa hakumfunzi lolote ila kumwogopa mwenye nyumba. Yafaa zaidi kucheza naye dakika kumi kabla ya kushika sindano, kwa unyoya uliofungwa ncha ya kijiti kirefu, kisha apewe chakula chake. Mwindaji aliyekwisha kuwinda na kula hulala.

Akiisha kuvuta kitanzi kimoja cha sweta, usikate wala usiuvute uzi uliotokeza. Kwa ncha ya sindano, urudishe kidogo kidogo katika vitanzi vya jirani mpaka usawa upatikane. Vitanzi vilivyoporomoka hupandishwa kimoja kimoja kwa kulabu ndogo. Hasara hiyo hutengenezeka.

Isiyotengenezeka kwa urahisi ni uzi uliomezwa. Ulimi wa paka umejaa vimiba vigumu vilivyoelekea kooni. Kwa hiyo uzi ukishaingia kinywani ni shida kuutema. Mara nyingi ncha moja hunasa chini ya ulimi, au kwenye mlango wa kutokea tumboni, na sehemu iliyobaki huteremka. Utumbo hujikunja juu ya uzi huo kama kiuno cha suruali kinavyojikunja juu ya kamba yake. Kadiri utumbo unavyosukuma, ndivyo uzi unavyoukata kama msumeno, hata uchafu ukavujia ndani ya mwili. Paka hutapika, hukataa chakula, hujificha mahali penye giza, na asipotibiwa hufa.

Ukiona uzi ukining'inia kinywani au nyuma ya paka, na huku ncha ya pili huioni, usiuvute kamwe. Kuuvuta ni kuukaza msumeno ule. Mpeleke upesi kwa daktari wa wanyama, hata kama bado anatembea na kucheza. Pengine atahitaji kupasuliwa, na kila saa ipitayo hupunguza matumaini.

Dawa iliyo bora haina gharama. Askari hujua kwamba silaha hairudishwi ghalani kesho, bali zamu imalizikapo, na kwamba risasi huhesabiwa. Kanuni hiyo itumike nyumbani. Mabonge ya uzi yakae katika kopo lenye kifuniko kilichotobolewa tundu moja la kupitishia uzi. Kazi ikikoma, sindano na uzi viingie sandukuni, na vipande vilivyokatwa viokotwe vyote, pamoja na uzi wa kushonea, ambao kwa wembamba wake hukata vibaya zaidi. Watoto nao wafundishwe hivyo. Nyumba yenye nidhamu hiyo itapata sweta lake, na mlinzi wa posho ataendelea na lindo lake akiwa mzima.