Kuficha Kasha la Kwanza la Jiokeshi katika Bonde la Kilombero

Mgeni anayeulizia njia huko Mofu huelekezwa kwa vitu: mwembe mkubwa, mahali pa kuegesha mitumbwi, dungu lililo ukingoni mwa shamba la mpunga. Maelekezo ya namna hiyo humfikisha mwendaji kwa sababu yamebeba pia hali ya mahali. Mwenyeji anayeelekeza mwezi wa Aprili hampitishi mtu njia ya mwezi wa Septemba. Namba mbili za latitudo na longitudo hazina ujuzi huo. Hutaja nukta moja tu juu ya uso wa dunia, iwe kavu au iwe imefunikwa na maji. Mwalimu au mwanafunzi wa bonde la Kilombero atakaye kuficha kasha lake la kwanza katika mchezo uitwao jiokeshi hana budi kuizingatia tofauti hiyo tangu mwanzo.

Mchezo huu una tarehe ya kuzaliwa. Setilaiti za mfumo wa GPS ni mali ya Serikali ya Marekani, na hadi mwanzoni mwa Mei 2000 ishara waliyoachiwa raia ilikuwa ikivurugwa makusudi, hata kipokezi kikaweza kukosea kwa kiasi cha meta 100. Uvurugaji huo ulikomeshwa usiku wa kuamkia tarehe 2 Mei. Tarehe 3 Mei Dave Ulmer aliificha ndoo karibu na Beavercreek, katika jimbo la Oregon, kisha akawatangazia wengine namba za mahali hapo kwa njia ya kompyuta. Miongoni mwa vitu vilivyotiwa ndani mlikuwa na kopo la maharage. Kanuni za leo zingeikataa ndoo ile ya kwanza, maana ilifukiwa sehemu ardhini, tena ilikuwa na chakula.

Siku hizi kasha ni chombo kisichopitisha maji, chenye daftari la kuandikia majina ya waliolipata. Halifukiwi, bali husitiriwa juu ya ardhi. Chakula hakiwekwi kabisa, na katika Kilombero sababu yake haihitaji maelezo marefu kwa mtu aliyewahi kukesha dunguni akiwafukuza nguruwe mwitu.

Kipokezi hujuaje mahali kilipo? Kila setilaiti, ikiwa juu kiasi cha kilometa 20,200, hutangaza saa yake na mahali ilipo. Ishara husafiri kwa mwendo wa mwanga, yaani karibu kilometa 300,000 kwa sekunde, na kipokezi hukadiria umbali kwa muda ambao ishara imechukua njiani. Umbali kutoka setilaiti tatu ungetosha kuonyesha mahali, lakini saa ya kipokezi ni ya bei ndogo, na kosa la sehemu moja ya milioni ya sekunde ni kosa la meta 300. Kwa hiyo inahitajika setilaiti ya nne ili kosa hilo la saa nalo litafutwe pamoja na yale mengine matatu: milinganyo minne kwa visivyojulikana vinne, kama afanyavyo mwanafunzi wa hisabati.

Panapo anga wazi, simu ya kawaida ya leo hukosea kwa meta 5 hivi. Chini ya miti minene, au chini kabisa ya miteremko ya Udzungwa inayoziba nusu ya anga, kosa huongezeka. Dawa yake ni subira. Mfichaji asubiri kipokezi kitulie, achukue vipimo kama kumi, arudi siku nyingine achukue vingine, kisha atafute wastani. Ikiwa vipimo vya latitudo ni nyuzi 8 dakika 15.412, 15.415, 15.409 na 15.470, hicho cha mwisho kiachwe, kwa kuwa kiko zaidi ya meta 100 kutoka kwa wenzake.

Hesabu hiyo ni rahisi. Dakika moja ya latitudo katika sehemu hizi ni karibu meta 1,843. Basi tarakimu ya tatu baada ya nukta ina thamani ya meta 1.8 hivi. Kwa bahati njema, karibu na Ikweta dakika ya longitudo ina urefu unaokaribia huo huo, ilhali London hupungua hadi kiasi cha meta 1,160. Makosa makubwa huwa ya uandishi. Dakika 15 na sekunde 30 ni dakika 15.500, anayeandika 15.30 amelihamisha kasha karibu meta 370, na katika uwanda wa Kilombero umbali huo waweza kuwa tofauti ya kijiji na mto wenye mamba.

Kosa jingine hutoka katika ramani. Ramani za zamani za Tanzania za kipimo cha 1:50,000 zilichorwa juu ya msingi wa upimaji uitwao Arc 1960, jina linalotokana na upimaji wa tao la meridiani ya 30 lipitalo Afrika kutoka kusini hadi kaskazini. GPS hutumia msingi mwingine, WGS 84. Nukta ile ile, ikisomwa kwa misingi hiyo miwili, huachana kwa zaidi ya meta 200. Namba za kasha zisitolewe katika ramani hizo bila kubadilishwa.

Kabla ya kuficha, ruhusa iombwe kwa mwenye shamba au serikali ya kijiji, na kwa wasimamizi ikiwa mahali ni pa hifadhi. Madaraja ya reli ya TAZARA hayafai hata kidogo: chombo kisichojulikana chini ya daraja ni jambo la polisi.

Baada ya hapo hujazwa fomu katika tovuti ya mchezo: jina, namba, ukubwa wa kasha, na madaraja ya ugumu wa kutafuta na ugumu wa njia, kuanzia 1 hadi 5. Mkaguzi wa kujitolea huangalia kama kasha liko angalau meta 161 kutoka jingine na kama kanuni zimefuatwa. Lakini mkaguzi haendi mahali penyewe, na huenda anaishi nchi ya mbali. Ramani aitazamayo haimwambii kwamba uwanda huu, uliotambuliwa mwaka 2002 chini ya Mkataba wa Ramsar ukiwa na hekta karibu 797,000, hufurika wakati wa masika.

Jambo hilo analijua mfichaji peke yake. Njia ya daraja la 2 mwezi wa Septemba yaweza kuwa ya daraja la 5 mwezi wa Aprili, daraja la mahali pasipofikika bila mtumbwi. Miezi ya maji iandikwe waziwazi katika maelezo, na tangazo lisimamishwe kwa muda mafuriko yanapoanza. Tovuti inaruhusu hivyo. Kasha lenyewe liwekwe juu ya alama ya maji ya mwaka mbaya, ambayo wazee wa Mofu wataionyesha upesi kuliko chombo chochote, na mbali na nyasi zinazochomwa kiangazi.

Shule isiyopata mahali pa namna hiyo yaweza kutumia aina isiyo na chombo, iliyoanza mwaka 2004: mgeni hufika, hutazama umbo la ardhi na kujibu maswali. Bonde hili, lililodidimia kati ya milima ya Udzungwa na ya Mahenge, lina maswali ya kutosha.

Anayechagua chombo ajue kwamba kitamhitaji mara kwa mara. Mwanafunzi wa kidato cha nne ataondoka, mwalimu atahamishwa. Mtunzaji mwenyeji atajwe mapema. Na ndani ya kasha iwekwe penseli badala ya kalamu ya wino, kwa kuwa unyevu ukiingia, wino ndio wa kwanza kufutika.