Je, Wajua? Simu Isiyo na Waya Haipuliziwi Dawa

Mkono wa simu isiyo na waya hutolewa betri kwanza, ndipo usafishwe. Kitambaa laini hutiwa alkoholi ya isopropili ya asilimia 70 kidogo tu, kisichuruzike. Simu yenyewe haipuliziwi kitu, maana majimaji hupenya vitundu vya spika na kuharibu saketi. Ajabu ni kwamba asilimia 70 huua vijidudu vizuri kuliko alkoholi tupu: maji yaliyomo huichelewesha kukauka na huisaidia kuvunja protini zao. Jiki haifai kabisa. Nta ya masikio iliyoganda vitunduni husuguliwa kwa mswaki laini, mkavu. Vibati vya kuchajia, ambavyo wengi huvisahau, hufutwa kwa kitambaa kikavu, kitako kikiwa kimechomolewa kwenye umeme. Betri hurudishwa simu ikishakauka.