Tabia ya Afisa katika Mizani ya Saikolojia

Chuo cha Kijeshi cha Marekani, kilichoasisiwa mwaka 1802 huko West Point kando ya Mto Hudson katika jimbo la New York, kimejinadi tangu zamani kwamba humpa kijana tabia njema pamoja na shahada. Hata hivyo, dai hilo limeanza kupimwa kisayansi katika miongo ya karibuni tu, na miongoni mwa waliojitwika kazi hiyo ni Michael Matthews, profesa wa saikolojia ya kihandisi chuoni hapo, yaani tawi linalochunguza jinsi binadamu anavyofikiri na kutenda anapotumia mitambo.

Msingi mmoja wa kazi hiyo ni orodha ya nguvu 24 za tabia, zikiwemo ujasiri, ukweli na matumaini, iliyochapishwa mwaka 2004 na wanasaikolojia Christopher Peterson na Martin Seligman. Matthews na wenzake walipowalinganisha kwa orodha hiyo wanafunzi wa West Point, wanafunzi wa chuo cha wanamaji cha Norway na vijana wa kiraia wa Marekani, waliona kwamba wanajeshi wa nchi hizo mbili walifanana wao kwa wao kuliko Wamarekani wa kijeshi walivyofanana na raia wenzao. Matokeo hayo yanavutia, lakini hayasemi kama chuo ndicho kinachoijenga tabia au kinawavutia tu wale ambao tayari wanayo, na swali hilo ndilo kiini cha elimu yote ya tabia.

Utafiti uliovuma zaidi ulihusu wanafunzi walioingia mwaka 2004. Majira ya joto ya kwanza huwa na mafunzo makali ya wiki kadhaa yajulikanayo kama Beast Barracks, ambapo siku huanza saa kumi na moja alfajiri na kuisha saa nne usiku, na baadhi ya vijana huacha chuo hata kabla masomo hayajaanza, ingawa wote walichujwa kwa alama inayojumlisha mitihani, uongozi na siha. Mwanasaikolojia Angela Duckworth, akishirikiana na Peterson, Matthews na Dennis Kelly, aliwapa dodoso fupi la kupima ung'ang'anizi, yaani kushikilia lengo la muda mrefu bila kukata tamaa, na katika matokeo yaliyochapishwa mwaka 2007 dodoso hilo lilibashiri vyema zaidi nani angevumilia kuliko alama ile ya uchujaji.

Haifai kulikuza jambo hili kupita kiasi. Mwaka 2017 mwanasaikolojia Marcus Credé na wenzake walipitia upya tafiti nyingi za ung'ang'anizi na kuonyesha kwamba unakaribiana sana na bidii na umakini, sifa ambazo wanasaikolojia walizipima tangu zamani. Credé pia alikumbusha kwamba kule West Point tofauti kati ya mwanafunzi wa wastani na aliyemzidi waziwazi kwa ung'ang'anizi ilikuwa kama asilimia 95 dhidi ya 98 ya uwezekano wa kumaliza mafunzo hayo. Utafiti wa 2019, uliohusisha wanafunzi 11,258 wa miaka kumi, ulileta picha pana zaidi: uwezo wa akili ulibashiri vyema alama za darasani na za kijeshi, ilhali ung'ang'anizi na uwezo wa mwili ulikuwa na uzito zaidi katika kumaliza mafunzo ya awali na kuhitimu baada ya miaka minne.

Lakini kung'ang'ania si uadilifu, kwani mtu anaweza kulishikilia hata lengo ovu. Kanuni ya heshima ya chuo inakataza uongo, udanganyifu na wizi, tena inamkataza mwanafunzi kumvumilia mwenzake atendaye hayo. Pamoja na hayo, mwaka 1976 zaidi ya wanafunzi 150 waliondoka chuoni kwa sababu ya udanganyifu katika kazi ya uhandisi wa umeme, na mwaka 2020 zaidi ya 70 walituhumiwa kudanganya katika mtihani wa hisabati. Katika visa vyote viwili kazi ilifanywa mbali na macho ya mwalimu, jambo linaloonyesha kwamba mazingira nayo yana sehemu yake, na kwamba dodoso analojijazia mtu mwenyewe haliwezi kuiona sehemu hiyo.

Kwa sababu hiyo Matthews alishirikiana na Richard Lerner wa Chuo Kikuu cha Tufts katika utafiti uliowafuata wanafunzi walewale mwaka hadi mwaka, kwa kuwa hilo ndilo linaloweza kutenganisha tabia waliyokuja nayo na ile waliyoipata chuoni.