Nyota ya Mishono Minane

Msomaji, nyota hii, ambayo vitabu vya Kiingereza huiita jicho la Aljeria, hutariziwa kwa mishono minane tu. Chagua kitambaa ambacho nyuzi zake zahesabika. Teua kitovu, kisha hesabu nyuzi nne kila upande, upate mraba. Sindano iibuke pembeni na kuzama kitovuni. Izunguke hivyo pembe zote na katikati ya kila upande. Kamwe isiibukie kitovuni, isije ikachana mishono iliyotangulia. Kila mara vuta uzi kidogo, tundu lifunguke kama matundu ya kofia zilizoshonwa kwa mkono. Ukivuta mno kitambaa hujikunja, nacho kimekugharimu fedha. Upande wa nyuma, uzi usikatize tundu. Nyota itakuwa kipofu.