Bwana maendeleo aliyekabidhiwa Hazina

Cleopa David Msuya alipozikwa nyumbani kwake Usangi, wilayani Mwanga, Mei 2025, akiwa na miaka 94, wasifu wake ulikuwa umesheheni vyeo: waziri mkuu mara mbili, makamu wa kwanza wa rais, waziri wa fedha, waziri wa viwanda, mbunge wa Mwanga. Mimi navutiwa zaidi na kazi aliyoanza nayo. Mwaka 1956, akiwa ametoka Makerere, aliingia kwenye utumishi wa serikali upande wa maendeleo ya jamii, akafanya kazi ya vijijini hadi mwaka wa uhuru. Wananchi wa wakati ule wangemwita bwana maendeleo.

Kazi hiyo haikuwa na meno. Bwana shauri, yaani mkuu wa wilaya, alikuwa na askari na mahakama nyuma yake. Bwana maendeleo alikuwa na maneno tu. Akitaka njia ya kijiji ifunguliwe au kisima kichimbwe, sharti kwanza ajue nani ana jembe la ziada, nani ana mawe shambani kwake, nani hasemezani na nani, na wiki gani watu wametingwa na mavuno. Msaada wa serikali ulikuja mwishoni, tena haba: mabati, saruji, misumari. Meneja anayeanzia kwenye ofisi yenye bajeti huanza kwa kuuliza zimetengwa shilingi ngapi. Mtu wa shule hii huanza kwa kuuliza kuna nini tayari.

Kwa kijana wa Kipare hilo halikuwa geni. Milimani kule kazi za umma hufanywa kwa msaragambo: watu huitwa, kila mmoja huja na mikono yake na kifaa chake. Ndiva, yale mabwawa madogo ya udongo na mawe yaliyojengwa juu ya mashamba, huendeshwa kwa mtindo huohuo. Maji ya mfereji hukusanywa usiku, asubuhi lango hufunguliwa, wenye mashamba humwagilia kwa zamu. Tope likijaa, wote hushuka bwawani na majembe, na anayekwepa hujulikana siku hiyohiyo, kwa sababu kila mtu anamwona jirani yake.

Upare ulikuwa pia umetoa funzo chungu juu ya kodi. Miaka ya 1940 utawala wa kikoloni ulileta kodi mpya iliyoitwa mbiru, iliyomtoza mtu kwa kadiri ya mali yake. Watu hawakuelewa mali hiyo inakadiriwaje na nani kaikadiria. Januari 1945 wanaume kwa maelfu waliteremka hadi Same, makao ya wilaya, wakapiga kambi. Mgogoro ulivyozidi kurefuka wanawake nao walijitosa. Inasimuliwa kwamba walimtaka mkuu wa wilaya ama amalize shauri ili waume zao warudi nyumbani, ama awape mimba yeye mwenyewe. Mwishowe mbiru ilifutwa. Wakati huo Msuya alikuwa kijana wa miaka 14 hivi. Miaka michache baadaye serikali ileile iliufanya Upare uwanja wa majaribio wa kisomo cha watu wazima na maendeleo ya jamii, safari hii kwa kubembeleza.

Sasa turuke hadi mwaka 1983. Vita vya Uganda vimeshapiganwa, mafuta yamepanda, fedha za kigeni zimekauka. Sabuni, sukari na khanga ni za foleni, na ukipata mche wa sabuni unauficha. Edward Sokoine, aliyempokea Msuya uwaziri mkuu Februari mwaka huo, aliwaandama walanguzi na wahujumu uchumi kwa sheria na kwa askari. Bidhaa zilizofichwa zikafichuka, nyingine zikatupwa na wenyewe kwa woga, kisha maduka yakawa matupu vilevile.

Msuya alikuwa amerudi Hazina kama waziri wa fedha. Bajeti yake ya Juni 1984 ilifanya jambo lililowashangaza wajamaa wenzake: mwenye fedha zake za kigeni aliruhusiwa kuagiza bidhaa kutoka nje na kuziuza, bila kuulizwa amezipata wapi. Wachumi wameiandika hatua hiyo kama mwanzo wa soko huria nchini. Mimi naiona zaidi kama msaragambo wa bwana maendeleo. Serikali haina kitu. Basi wenye kitu walete walichonacho. Haikupita muda bidhaa zikaonekana tena madukani, na mitumba ikaanza kuvaliwa hadharani.

Bajeti hiyohiyo iliondoa ruzuku ya sembe, na shilingi ikashushwa kutoka kama 12 kwa dola hadi 17. Mwaka 1986, chini ya Rais Mwinyi, yakaja mapatano na Shirika la Fedha la Kimataifa, na shilingi ikafika 40 kwa dola. Kodi ya maendeleo, ambayo wengi waliiita ya kichwa, nayo ilikuwa imerudi pamoja na halmashauri, na ilidumu hadi 2003. Mtu wa Usangi kusimamia Hazina wakati wa kodi ya namna hiyo! Wazee waliolala Same mwaka 1945 sijui walisemaje.

Uhaba ule uliwafinyanga na wengine. Reginald Mengi, mzaliwa wa Machame, alikuwa mkaguzi wa hesabu wa Coopers & Lybrand alipoanza kuunganisha kalamu za wino nyumbani, kwa sababu kalamu hazikupatikana. Mkaguzi naye hufundishwa mapema kuangalia kilichopo ghalani kabla ya kuamini kilichoandikwa daftarini.

Ila msaragambo wa Hazina ulikosa kiungo kimoja cha ule wa ndiva. Bwawani unaona nani kaja na jembe lake na nani kaazima la mwenzake. Kwenye uagizaji wa bidhaa hakuna aliyepaswa kuona. Waliokuwa wamevusha kahawa au madini kwa magendo waliingiza fedha zao pamoja na waliozichuma kwa jasho, na wote wakaitwa wafanyabiashara. Mwaka 1992 sheria mpya ya fedha za kigeni iliruhusu maduka ya kubadilishia fedha, na swali la zilikotoka likabaki bila wa kuliuliza.