Muuguzi naye ni shahidi: Elimu inayookoa ushahidi kabla haujaoshwa

MSICHANA aliyebakwa anapofikishwa hospitalini usiku, mara nyingi mtu wa kwanza kumpokea si daktari wala askari polisi, bali ni muuguzi. Kwa huruma na kwa mazoea ya kazi, muuguzi huyo huenda akamvua nguo zilizochanika, akamwosha damu na matope, kisha akazifunga nguo hizo katika mfuko wa plastiki na kumkabidhi ndugu yake azipeleke nyumbani zikafuliwe.

Yote hayo ameyafanya kwa wema. Hata hivyo, kesi itakapofika mahakamani miezi kadhaa baadaye, huenda wema huo ndio utakaokuwa umemwokoa mhalifu. Damu, mbegu za kiume na nyuzi za nguo ambazo zingeweza kumtambulisha zitakuwa zimekwenda na maji.

Ili kuziba pengo hilo, ilianzishwa fani ya uuguzi wa uchunguzi wa jinai. Fani hiyo humfundisha muuguzi namna ya kumhudumia mgonjwa aliyedhuriwa bila kuharibu ushahidi uliomo mwilini na katika mavazi yake, na namna ya kuieleza mahakama kile alichokiona.

Chimbuko lake ni Marekani katika miaka ya 1970. Wanawake waliobakwa walikuwa wakisubiri kwa saa nyingi katika vyumba vya dharura, na daktari aliyekuja kuwapima mara nyingi hakuwa na mafunzo ya kukusanya vielelezo. Wauguzi wakaamua kuibeba kazi hiyo. Mipango ya kwanza ilianzishwa Memphis mwaka 1976, Minneapolis mwaka 1977 na Amarillo, Texas, mwaka 1979.

Mwaka 1992 wauguzi wapatao 70 walikutana Minneapolis na kuunda chama cha kimataifa cha fani hiyo. Rais wake wa kwanza alikuwa Virginia Lynch, muuguzi aliyepata kufanya kazi ya kuchunguza vifo vyenye utata. Mwaka 1995 Chama cha Wauguzi cha Marekani kiliitambua rasmi fani hiyo kuwa tawi la uuguzi linalojitegemea.

Anayetaka kuingia katika kazi hiyo huanza akiwa tayari ni muuguzi aliyesajiliwa. Kwa wanaohudumia waliobakwa, mwongozo wa chama hicho unataka mafunzo ya darasani yasiyopungua saa 40, yakifuatiwa na mazoezi ya vitendo chini ya usimamizi. Baadaye muuguzi anaweza kufanya mtihani wa kupata cheti. Upo mtihani wa wanaohudumia watu wazima, na upo mwingine wa wanaohudumia watoto. Baadhi ya vyuo vikuu hufundisha fani hii hadi shahada ya uzamili, na tangu mwaka 2005 wauguzi hao wana jarida lao la kitaaluma.

Je, hufundishwa nini hasa? Kwanza, idhini. Mgonjwa huelezwa kila hatua kabla haijafanyika, naye ana haki ya kukataa yoyote kati ya hizo. Mtu aliyenyang'anywa uamuzi juu ya mwili wake hapaswi kunyang'anywa mara ya pili na wanaomtibu.

Pili, utunzaji wa vielelezo. Nguo zenye unyevu hukaushwa na kuwekwa katika mfuko wa karatasi, kila moja peke yake, kwa sababu plastiki huhifadhi unyevu, na unyevu huleta ukungu unaoharibu vinasaba. Aliyechomwa kisu au kupigwa risasi, nguo yake haikatwi kupitia tundu la jeraha, kwani tundu hilo ni ushahidi. Kila mfuko hufungwa, hutiwa sahihi, tarehe na saa, na kila anayeupokea huandikwa. Mlolongo huo ukikatika hata mara moja, wakili wa utetezi ana haki ya kuuliza kielelezo kilikuwa wapi na mikononi mwa nani.

Tatu, uandishi. Maneno ya mgonjwa huandikwa kama alivyoyasema. Jeraha huelezwa kwa mahali lilipo, ukubwa, rangi na umbo, na hupigwa picha ya mbali, ya wastani na ya karibu yenye rula pembeni. Muuguzi haandiki kwamba mtu amebakwa au hakubakwa, maana huo ni uamuzi wa mahakama.

Hufundishwa pia kwamba kukosekana kwa majeraha hakuthibitishi kuwa tendo lilifanyika kwa ridhaa, na kwamba hakuna kipimo cha kitabibu kinachoweza kuthibitisha bikira. Mwaka 2018 mashirika ya Umoja wa Mataifa, likiwamo Shirika la Afya Duniani, yalitaka upimaji wa bikira ukomeshwe.

Juu ya yote, muda ni adui. Dawa za kuzuia maambukizi ya virusi vya Ukimwi zinatakiwa kuanzwa ndani ya saa 72, nazo hutumiwa kwa siku 28. Vielelezo vya mwilini navyo hupungua kila saa inapopita, na miongozo mingi huweka siku tano kuwa kikomo cha kuvikusanya. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2003 unasisitiza kuwa afya na ustawi wa mgonjwa ndivyo vya kwanza. Hivyo matibabu hayapaswi kusubiri ushahidi. Mawili hayo hufanywa pamoja, na mtu yule yule anayejua yote mawili.

Hapa Tanzania jambo hili linatugusa moja kwa moja. Tangu Bunge lilipopitisha Sheria ya Makosa ya Kujamiiana mwaka 1998, adhabu za ubakaji zimekuwa kali mno, hadi kifungo cha miaka 30 au maisha. Adhabu kali hudai ushahidi thabiti, kwa pande zote mbili. Asiye na hatia naye hulindwa na kielelezo kilichotunzwa vizuri.

Mahakama ya Rufani imesema mara kadhaa kwamba ushahidi bora kabisa wa ubakaji ni wa mwathirika mwenyewe. Lakini fomu ya polisi namba tatu, maarufu kama PF3, bado ina uzito mkubwa katika kuunga mkono maneno yake. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inampa mshtakiwa haki ya kutaka aliyeandaa taarifa ya kitabibu aitwe ahojiwe, na zimekuwapo rufaa ambazo PF3 iliondolewa katika kumbukumbu kwa sababu mshtakiwa hakuelezwa haki hiyo.

Fomu hiyo hujazwa na daktari au tabibu. Hata hivyo, yatakayoandikwa humo hutegemea sana kilichofanyika kabla hajafika, na kabla hajafika alikuwapo muuguzi. Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali inaweza kupima vinasaba, lakini haiwezi kupima kilichokwisha kufuliwa.

Mwaka 2011 Wizara ya Afya ilitoa mwongozo wa sekta hiyo kuhusu kuwahudumia waathirika wa ukatili wa kijinsia. Mwongozo ukibaki kabatini hausaidii. Unapaswa kuwa somo la kila muuguzi akiwa chuoni, na kurudiwa akiwa kazini, hasa kwa walio zamu za usiku na katika vituo vya afya vya mbali.

Gharama yake si ya kutisha. Sehemu kubwa ya kazi hii huhitaji bahasha za kaki, rula, kamera, daftari la makabidhiano na kabati lenye kufuli. Kinachobaki ni maarifa ya kujua kwamba, kabla ya kulifikia beseni la maji, kuna jambo la kufanya kwanza.