Tuulize Ukoo Kabla ya Kisu

Kabla ya kupanga tarehe ya upasuaji wa saratani ya utumbo mpana, hasa kwa mtu ambaye hajafika miaka 50, namuuliza habari za wazazi, ndugu, shangazi na wajomba: nani aliugua saratani ya utumbo, nani ya mji wa mimba, na kwa umri gani? Majibu hayo yanaweza kubadilisha urefu wa utumbo nitakaouondoa.

Kwa kawaida hukatwa kipande chenye uvimbe pamoja na tezi zake za limfu, kisha ncha mbili zikaunganishwa. Lakini mwenye ugonjwa wa Lynch amerithi hitilafu katika jeni za kusahihisha makosa ya DNA, kama MLH1, MSH2, MSH6 au PMS2, na utumbo unaobaki una hitilafu ileile. Utafiti mmoja mkubwa wa wagonjwa hao waliokatwa kipande ulikadiria saratani mpya kwa takriban 16% ndani ya miaka 10, na 41% ndani ya 20. Ndiyo maana kijana mwenye hitilafu ya MLH1 au MSH2 huelezwa pia njia ya kuondoa karibu utumbo mpana wote, ule mwembamba ukaunganishwa na puru. Atakwenda chooni mara nyingi zaidi, tena choo laini. Lazima alijue hilo mapema. Mzee wa miaka 75, au mwenye hitilafu ya PMS2, mara nyingi kipande kinamtosha. Wote wataendelea kuchunguzwa kwa kamera.

Hitilafu ya jeni ya APC ni kali zaidi: vinyama mamia, hata maelfu, huota utumboni, na bila upasuaji saratani karibu haikwepeki. Wengi huondolewa utumbo mpana wakiwa vijana. Puru ikiwa na vinyama vichache huachwa. Vikijaa, puru nayo huondolewa, na utumbo mwembamba hushonwa kuwa mfuko ndani ya nyonga, mbinu ambayo Parks na Nicholls waliieleza London mwaka 1978. Kwa msichana, upasuaji huo wa nyonga unaweza kupunguza uwezo wa kushika mimba.

Kinachoniuma ni kipimo cha Lynch kufanywa baada ya upasuaji, ilhali kipande kidogo cha uvimbe kilichochukuliwa wakati wa kolonoskopi kingetosha. Mwanamke mwenye Lynch aliyemaliza kuzaa, jibu likiwahi, anaweza kuchagua kuondolewa mji wa mimba na ovari katika upasuaji huohuo, ili kujikinga na saratani za viungo hivyo. Likichelewa, akitaka kinga hiyo itabidi arudi tena chumba cha upasuaji.